Picha ya Kumi

Vita vya kila siku nyumbani kwa dobi vilianza saa kumi na mbili asubuhi, tena vilianza kwa kisigino. Kitanda kilikuwa kimoja na wasichana walikuwa wawili, na yule aliyelala upande wa ukuta alikuwa na tabia ya kujinyoosha kila kulipokucha. Kisigino chake kilimpata Chapuchapu nyongani.

"Wewe Mgeni! Umekuwa punda?"

"Samahani, sikukusudia."

"Kila siku hukusudii, na kila siku mimi ndiye ninayepigwa teke."

Jina hilo la Mgeni, Chapuchapu ndiye aliyempachika. Msichana huyo hakuwa mgeni hata kidogo. Alikuwa binti wa mama yake mdogo, walipishana miezi minne tu, na mtu mwenye adabu angemwita dada. Mama mdogo alikuwa amepata kazi ya upishi mbali sana, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, akamwacha mtoto kwa dada yake kwa muda. Muda huo sasa ulikuwa umefika miezi saba. Mgeni alikuwa amechukua nusu ya kitanda, nusu ya kabati na nusu ya mama, na katika hayo matatu, hilo la mwisho ndilo lililomchoma Chapuchapu.

Chumba cha mbele kilikuwa mahali pa kazi pa mama. Palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili, beseni la maji na mafungu ya nguo za watu, kila fungu limefungwa kitambaa chenye namba. Kabla ya kwenda shule wasichana walikunja mashati yaliyopigwa pasi. Chapuchapu alikunja matano wakati Mgeni akikunja mawili. Tofauti ni kwamba yale matano mama aliyakunjua na kuyakunja upya, ila Chapuchapu hakuwa na muda wa kusubiri kuliona hilo.

Kwa kweli alikuwa mwepesi, na jina lake hakupewa bure. Alikula upesi, aliandika upesi, na katika mtihani alimaliza wa kwanza, akakunja mikono na kuwatazama wenzake wakitoka jasho. Darasani hakuna aliyewahi kumshinda kwa mbio hizo, naye alidhani mbio hizo ndizo akili.

Jumanne na Alhamisi, baada ya masomo, kikundi cha anga kilikutana katika chumba cha kompyuta. Kilisimamiwa na mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimwita Chuma akiwa mbali na Mwalimu akiwa karibu. Alikuwa mtu wa uso mkavu, asiyecheka na mtoto wa mtu.

"Sikilizeni," alisema siku ya kwanza. "Huko angani kuna vitu vilivyoshindwa kuwa nyota. Vilikusanya gesi, vikajikaza, lakini havikupata uzito wa kutosha kuwaka kama jua letu. Vinaitwa nyota kibete za kahawia. Vinafifia na kupoa kwa muda mrefu sana. Baadhi yake, vikiwa bado vichanga, vimezungukwa na sahani ya vumbi, na huenda ndani ya vumbi hilo sayari zinajiunda. Wataalamu wana picha nyingi kuliko macho ya kuzitazama. Wameziomba shule ziwasaidie kuzichambua. Sasa nani aniambie, kitu kisichong'aa tutakionaje?"

Mkono wa Chapuchapu ulikuwa juu kabla swali halijaisha. "Kwa darubini kubwa zaidi, Mwalimu!"

"Hapana. Mwingine?"

Kisha, kutoka dawati la mwisho, Mgeni alisema kwa sauti ndogo, "Kwa joto lake, Mwalimu. Pasi ya mama mkubwa ikishachomolewa, ukiitazama utasema ni baridi, maana haiwaki. Lakini ukisogeza kiganja karibu, unajua."

Mwalimu Chuma alitabasamu. Ilisemekana hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, na hii ilikuwa mojawapo.

"Basi hiyo ndiyo picha ya kumi," alisema. Akaeleza kwamba kila kitu walichotumiwa kilikuwa na mfululizo wa picha kumi za sehemu ile ile ya anga. Picha za mwanzo zilipigwa kwa mwanga tunaouona kwa macho yetu. Za mwisho zilipigwa kwa mwanga wa joto, ambao macho hayauoni, na kompyuta ndiyo iliyoupaka rangi nyekundu. Kibete hujificha katika picha za mwanzo, zikawa giza tupu. Vumbi linalokizunguka hupashwa moto nacho, nalo likatoa mwanga wake wa joto, kwa hiyo picha za mwisho hung'aa kupita kiasi. "Kwa sababu hiyo," Chuma alimaliza, "hairuhusiwi kujibu kabla ya picha ya kumi. Hairuhusiwi!"

Chapuchapu hakusikia hata nusu ya maneno hayo. Masikio yalikuwa yakimchemka. Kitanda amechukua, kabati amechukua, na sasa hata pasi ya mama yangu anaitumia kujipatia sifa! Na kama vile hilo halikutosha, Mwalimu aliwapanga jozi moja.

"Nyinyi mnakaa nyumba moja," alisema. "Mtaelewana."

Tangu aanze kufundisha, Mwalimu Chuma hakuwahi kukosea kama siku hiyo.

Kila jozi ilipewa fomu yenye mistari thelathini na safu mbili. Wa kwanza alikaa kwenye kompyuta na kujaza safu ya kushoto kwa penseli. T ilikuwa tupu, C ilikuwa picha chafu iliyochanganya vitu viwili, na S ilikuwa sahani ya vumbi. Akimaliza aliikunja safu yake nyuma ili isionekane, akampa mwenzake, naye akatazama upya bila kuuliza chochote. Ilikuwa marufuku kusemezana. Katika hilo la kutosemezana, wasichana wa nyumba ya dobi walikuwa mabingwa tayari.

Palipotokea majibu mawili yasiyofanana, jozi iliitwa mezani kwa Mwalimu kuutazama mfululizo ule upya, picha baada ya picha, na hapo dakika kumi zilikwenda. Fomu zilizokamilika zilihesabiwa ubaoni. Jozi itakayoongoza ingesoma taarifa ya kikundi siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi wote. Chapuchapu alishajiona jukwaani, mama akiwa kiti cha mbele, anamtazama yeye peke yake.

Lakini wiki ya tatu walikuwa wa pili kutoka mwisho. Chapuchapu alimaliza mistari yake thelathini kwa robo saa. Alitazama picha nne, akiona giza aliandika T, akaendelea. Mgeni alikaa hapo hadi kengele, pua karibu iguse kioo, anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda mbele tena, huku akiandika vijineno nyuma ya daftari lake.

"Unachunga kuku humo ndani?" Chapuchapu alimnong'oneza kwa hasira.

"Subiri."

"Nimesubiri mpaka nimeota mvi!"

Kengele ikalia. Mgeni akamkabidhi fomu, maana Chapuchapu ndiye mshika fomu aliyepaswa kuitia katika sanduku la Mwalimu. Alipofika kwenye korido akaikunjua. Kulikuwa na S nne katika safu ya Mgeni: namba tisa, kumi na saba, ishirini na mbili na ishirini na sita. Katika safu yake mwenyewe, zote ziliandikwa T.

Nne! Hizo ni dakika arobaini mbele ya Chuma, yaani Jumanne nzima imepotea. Anajifanya mtaalamu, huyu. Chapuchapu alitazama huku na huku. Akageuza penseli yake, akafuta S ya kwanza kwa kifutio, akaandika T yenye mkia mrefu kama zile za Mgeni. Akafanya hivyo mara nne, akapuliza vumbi la kifutio na kuitumbukiza fomu sandukuni. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Jumanne jina lao lilipanda ubaoni. Mgeni alishangaa. "Mwalimu hajatuita? Nilidhani zile S zangu nne hatutalingana."

"Amezikagua mwenyewe," Chapuchapu alijibu bila kumtazama. "Punguza maswali."

Wiki mbili baadaye Mwalimu Chuma aliingia na karatasi mkononi, na kwa jinsi alivyoufunga mlango, kila mtu alijua si habari njema. Nakala za fomu zilikuwa zimetumwa kwa wataalamu, nao walikuwa wamejibu. Akasoma kwa sauti.

"Katika kila fomu tuliweka kitu kimoja tunachokijua, ili kupima umakini. Kwenye fomu yenu ya sita, namba kumi na saba ni kibete cha kahawia chenye sahani ya vumbi. Jicho moja kukikosa ni kawaida. Lakini katika fomu hii safu zote mbili zinafanana toka mstari wa kwanza hadi wa thelathini, jambo ambalo hatujaliona kwa watu wawili waliotazama kweli. Tunasimamisha kazi yote ya shule yenu mpaka tupate maelezo."

Mwalimu aliitoa fomu ya sita, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi ilikuwa imekwaruzwa mahali panne, na mahali pote panne palikuwa safu ya kulia.

"Mtazamaji wa pili ni nani?"

"Ni mimi, Mwalimu," Mgeni alisimama. "Lakini mimi niliandika S. Hata daftari langu lina maelezo, tazama. Kumi na saba: giza hadi picha ya saba, ya nane nukta, ya tisa kubwa, ya kumi inang'aa sana. Nilirudia mara tatu."

Mwalimu alisoma, uso ukazidi kukauka. "Basi hilo ndilo baya zaidi. Uliona kweli, ukakunjua karatasi, ukakuta mwenzako ameandika tofauti, ukaogopa, ukafuta na kukopi."

"Sikufuta! Muulizeni mshika fomu!"

Macho yote yalihamia kwa Chapuchapu. Ulimi wake, kama kawaida, ulikuwa mwepesi. "Mimi nilipewa fomu imekunjwa, nikaitia sandukuni. Sijui kitu."

Sauti yake ilitoka laini kabisa, na hilo lilimtisha hata yeye.

Chumba kikalipuka. "Wiki sita zetu zote!" "Tuliamka Jumamosi kwa ajili ya hizi picha!" Mvulana wa kompyuta ya dirishani akapiga meza. "Huyu ni mgeni tu, arudi alikotoka!"

"Kimya!" Chuma alinguruma. Akamgeukia Mgeni. "Kuanzia leo wewe humo katika kikundi hiki. Kesho kutwa nitawaandikia wataalamu kwamba mtazamaji wa pili alikopi. Toka."

Mgeni alikusanya vitu vyake polepole, kama afanyavyo kila kitu. Mtu mmoja alimzomea, kisha wote. Chapuchapu hakuzomea, lakini pia hakufumbua mdomo.

Alipofika nyumbani alikuta ugomvi mwingine umemtangulia. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amesimama katika chumba cha mbele, shati lake jeupe la kazi mkononi, na kwenye kola palikuwa na alama ya kahawia ya pasi.

"Nakuuliza wewe dobi, hili ndilo nililokuletea?"

"Nimeliunguza mimi," mama alisema. "Nilidhani pasi imepoa, sikuipima. Kosa ni langu. Nitaibadilisha hiyo kola leo hii, na nimekupigia pasi lile la akiba ulivae jioni."

Dereva hakuwa na nia ya kupoa. Alimwambia mama maneno mengi, mengine ambayo mtu hamwambii mama wa mtu mbele ya mwanawe. Mama aliyapokea yote amesimama wima. Mtu huyo alipoondoka, Chapuchapu aliuliza kwa uchungu, "Kwa nini hukusema lilikuja hivyo hivyo? Asingejua!"

Mama alichovya vidole kwenye beseni, akarushia tone la maji kwenye pasi. Likalia chss na kutoweka. "Mimi ningejua. Kesho angekuja tena, nami ningekuwa namkwepa macho. Matusi yake yameisha pale mlangoni. Uongo ningelala nao." Kisha akaendelea na kazi, na bila kuinua kichwa akasema, "Mwenzako ameniomba nimpigie mama yake simu. Anataka kuondoka hapa. Hasemi sababu. Wewe unaijua?"

"Siijui," Chapuchapu alisema. Ukawa uongo wa tatu, na huu ulikuwa mgumu kumeza.

Alimkuta Mgeni nyuma ya nyumba, anaanua mashuka. Mgeni hakugeuka.

"Ni wewe," alisema.

"Una ushahidi?"

"Sina. Ndiyo maana nakwambia wewe, simwambii mama mkubwa. Sitaki ionekane nimekuja kwake kumgombanisha na mtoto wake." Alikunja shuka, pembe kwa pembe. "Nitaondoka. Mama hana chumba huko kambini, lakini kuna mtu atanipokea. Kitanda chako nimekuachia. Leo nalala mkekani, chini ya meza ya pasi."

"Hakuna aliyekufukuza!"

"Wewe umenifukuza tangu siku niliyofika. Umechelewa kufanikiwa tu."

Asubuhi hakukuwa na kisigino. Chapuchapu aliamka amechelewa, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumpiga teke, na kitanda kizima kilikuwa chake kama alivyokuwa akitamani. Alilala pale dakika kadhaa akiutazama ukuta. Hakuona raha yoyote.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alimwomba mtunza chumba cha kompyuta amfungulie, akakaa mbele ya mashine ile ile na kuitafuta namba kumi na saba. Alijiambia anataka tu kuhakikisha kwamba hakuna kitu, kwamba wataalamu wamekosea na Mgeni ameota.

Picha ya kwanza ilikuwa giza. Ya pili, giza. Ya tatu na ya nne, giza, na hapo ndipo siku ile alipoandika T. Vidole vikamwasha kuruka, kwa mazoea. Akavizuia. Ya tano giza, ya sita giza, ya saba giza. Katika picha ya nane palitokea nukta, ndogo na nyekundu, kama ncha ya kijiti cha kiberiti kilichozimwa. Katika ya tisa ilikuwa imekua. Katika ya kumi iling'aa katikati kabisa ya duara, safi, peke yake, wala haikuhitaji mtaalamu kuiona. Ilihitaji mtu wa kufika hapo tu.

Ilikuwa pale siku zote. Mgeni aliiona, akaiandika, na mkono mmoja wenye kifutio uliifuta. Chapuchapu alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Aliuma midomo, akafungua namba tisa, kisha ishirini na mbili, kisha ishirini na sita. Tisa ilikuwa na nyota mbili zilizoshikana, yaani C. Hapo Mgeni alikuwa amekosea. Ishirini na mbili hakuwa na uhakika nayo. Ishirini na sita iliwaka katika picha ya kumi kama kumi na saba. Akapiga moyo konde na kwenda ofisi ya walimu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitembea polepole kuliko watu wote koridoni.

Mwalimu Chuma alikuwa akisahihisha madaftari.

"Mwalimu, ni mimi niliyefuta."

Kalamu nyekundu ikasimama. "Umefuta nini?"

"Namba kumi na saba. Na tisa. Na ishirini na mbili. Na ishirini na sita. Mwenzangu aliandika S zote nne. Mimi nilifuta pale koridoni, nikaandika T, ili tusiitwe. Na mistari yangu mwenyewe sikuitazama hadi mwisho. Hata mmoja."

"Wataalamu wameuliza namba moja tu."

"Najua, Mwalimu."

"Na jana ulisimama mbele yangu ukasema hujui kitu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukamwacha mwenzako, tena ndugu yako, akazomewa mpaka mlangoni."

Machozi yalimshinda Chapuchapu. Mwalimu hakumbembeleza, wala hakumpa kitambaa. Aliufunika mkono wake wa kalamu kwa mkono mwingine, akatazama nje ya dirisha.

"Nami nilimhukumu kwa kuona makwaruzo tu," alisema mwishoni. "Niliwakataza nyinyi kujibu kabla ya picha ya kumi, mimi nikajibu kwenye ya nne. Hilo nitamwambia mwenyewe, mbele ya wote. Wewe utasimama baada yangu, na barua kwa wataalamu utaiandika wewe, kwa mkono wako."

Alhamisi hiyo ilikuwa chungu kama shubiri. Mwalimu Chuma alimwita Mgeni mbele na kumwomba radhi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona likitokea shuleni pale. Kisha Chapuchapu akasoma barua yake. Waliozomea juzi walizomea tena, safari hii wakiwa na haki zaidi. Mvulana wa kompyuta ya dirishani alisema, "Mwongo mkubwa we!" na hakuna aliyemkanya. Jina lao likafutwa ubaoni. Alinyang'anywa kazi ya kushika fomu na kuamriwa kuzitazama upya fomu zake zote, mstari kwa mstari, kila siku wakati wa mapumziko. Nyumbani alimwambia mama yote, na uongo wa tatu akautoa wa kwanza. Mama alizima pasi, akakaa, akashika tama.

"Kwa hiyo mtoto alikuwa analala chini ya meza yangu kwa sababu yako," alisema. Hakuongeza neno, na Chapuchapu angependa aongeze.

Simu kwa mama mdogo haikupigwa siku hiyo. "Nipe wiki moja," mama alimwomba Mgeni. "Ukishaona hatufai, nitakupeleka stendi mwenyewe." Mgeni alikubali, lakini mkeka hakuukunja.

Majibu yalikuja siku ya sita. Mwalimu Chuma aliyasoma amesimama. Wataalamu walishukuru kwa kuambiwa ukweli wote, hata ule ambao hawakuuliza. Kazi ya shule ilifunguliwa tena. Kisha ikaja sehemu ambayo Mwalimu aliisoma mara mbili. Namba ishirini na sita haikuwa katika orodha yao yoyote. Huenda ikawa kitu kingine kilichojificha nyuma, walionya, lakini wangeielekezea darubini kubwa na kuitazama vizuri, na kumbukumbu zao zingeonyesha mtu wa kwanza aliyeiona.

Watoto wote wakamgeukia Mgeni. Yeye alikuwa anatazama meza, masikio yamemwiva.

"Mmesikia?" Mwalimu Chuma alisema, na alikuwa anamtazama Chapuchapu. "Kitu hicho kimekaa angani miaka mingi sana, hakuna aliyekijua. Mtoto mmoja akakiona, na mwenzake akakifuta kwa kipande cha mpira. Fomu ina safu mbili kwa sababu kila jicho hukosea, hata la mwepesi, hata la mwangalifu. Namba tisa mwangalifu wetu alikosea, na hakuna ubaya. Lakini ukiandika jibu lako katika safu ya mwenzako, hujamsaidia wala hujajisaidia. Umemng'oa jicho, na ukabaki na lako moja, ambalo nalo hukulitumia. Kazi ya haraka inaweza kurekebishwa. Kazi ya uongo haijulikani hata mahali pa kuanzia kuirekebisha, mpaka aliyeifanya afungue mdomo. Huyu aliufungua. Alichelewa, lakini aliufungua, na bila hivyo barua hii isingeandikwa. Haya, kaeni kwenye mashine."

Mgeni aliambiwa achague mwenza mpya. Alizunguka chumba kwa macho, polepole mpaka watu wakaanza kukohoa, kisha akakaa pale pale alipokuwa akikaa zamani.

"Wewe anza," alimwambia Chapuchapu kwa ukali. "Na nitakuwa nahesabu. Kumi."

Chapuchapu alianza. Saa nzima ilikwisha akiwa mstari wa kumi na nne.

Kesho yake alfajiri, kisigino kilimpata nyongani. Aliruka, mdomo ukiwa wazi kumpa mtu maneno yake. Halafu akakumbuka kwamba jana usiku, alipopanda kulala, upande wa ukuta ulikuwa bado mtupu. Alimeza maneno hayo yote.

"Dada," alisema. "Kumekucha."

Blanketi likavutwa upande wa ukuta.

"Usiniite dada leo," sauti ilijibu. "Leo bado nimekasirika. Niite kesho."

"Sawa," Chapuchapu alisema, akashuka kitandani kwenda kukunja mashati, moja moja.